Hesabu ya Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mawe hayajashika joto, Zulema Chumpitaz alipanda genge la Punta Ceniza akiwa na darubini shingoni, daftari kwapani na kipande cha mkate mfukoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kupanda kulichukua nusu saa. Upande wa pili wa genge hapakuwa na mashua iliyothubutu kukaribia kwa sababu ya miamba, na hapo ndipo walipoishi simba wa baharini. Kabla hujawaona ulikuwa umeshawasikia, na kabla hujawasikia ulikuwa umeshanusa harufu yao.

Wavuvi wa kijijini waliwaita mbwa mwitu, wala si kwa mapenzi. Simba mmoja akiingia kwenye wavu hula samaki, kisha huuchana wavu akaenda zake. Ndiyo maana Daktari Rosaura Tello alipokuja kupanga chumba karibu na gati, akasema anataka kujua wanyama hao wanakula nini hasa, watu walimcheka. Walimcheka zaidi walipomwona anaokota kinyesi chao na kukiosha kwenye chekecheo.

"Daktari wa mavi," walisema.

Lakini ndani ya kinyesi kile mlikuwa na vijiwe vidogo vyeupe, vijiwe vya masikio ya samaki, ambavyo tumbo la simba haliwezi kuvisaga. Kila aina ya samaki ina kijiwe cha umbo lake. Rosaura alivipanga juu ya kitambaa cheusi akamwonyesha Zulema: hiki cha dagaa, hiki cha kibua, na hili jeusi ni domo la ngisi. Zulema alianza kwa kusaidia kuosha chekecheo. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anahesabu.

Kuhesabu nako kulikuwa na sheria zake. Ufuo uligawanywa mafungu matano, na kila fungu lilihesabiwa mara tatu. Namba zikitofautiana sana, unaanza upya. Katika daftari mlikuwa na safu nne: madume, majike, watoto, waliokufa. Rosaura alikuwa akihesabu upande wake na Zulema upande wake, kisha walilinganisha. Mwanzoni walipishana kwa ishirini. Siku hizi walipishana kwa wawili au watatu, na Rosaura alishaacha kushangaa.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, shule zikiwa zimefungwa, walikuwa wamelala kifudifudi juu ya genge wakimwangalia jike mmoja akitoka majini. Alikuwa ametoka kuwinda, manyoya yake yanang'aa. Alinyanyua kichwa akalia. Katikati ya watoto zaidi ya mia, weusi wote kama makaa, mmoja akaitika.

"Anamjuaje?" Zulema aliuliza.

"Kwa sauti. Akifika karibu atamnusa ahakikishe. Akijiwa na mtoto asiye wake, anamng'ata."

"Na mama asiporudi?"

"Hakuna mwingine atakayemnyonyesha." Rosaura aliishusha darubini yake. "Sikiliza, Zule. Kesho naenda Lima na sampuli, nitakaa wiki mbili. Kaskazini ndege aina ya mwari wamekufa kwa maelfu, ni homa ya ndege, na sasa simba nao wameanza. Hapa bado. Jumamosi ijayo utahesabu peke yako. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Ukiona waliokufa wamezidi watano, usishuke, usiguse kitu, nipigie simu papo hapo. Watu wa serikali, wa afya na wa bahari, wote wananisubiri mimi niwaambie hali ya hapa. Na mimi nakutegemea wewe."

Zulema alirudi nyumbani akiwa amenyoosha shingo. Mjomba wake Saturnino, kaka wa mama yake aliyeishi nao, alimwona akipita gatini. Alikuwa mpiga mbizi wa kome, mabega mapana kama mlango, mtu wa mzaha kuanzia asubuhi. "Mpisheni profesa," aliwaambia wenzake. "Msimkanyagie kivuli, atawahesabu."

*

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kanivali.

Saa kumi na mbili asubuhi Briseida, rafiki yake wa darasa moja, alikuwa mlangoni na ndoo ya plastiki mkononi na unga mweupe tayari umemjaa nywele.

"Lori linaondoka sasa hivi. Unakuja, au umeolewa na hao wanyama wako?"

"Nina hesabu leo."

"Si utahesabu kesho? Kwani wana mabawa, watakuruka?"

"Lazima iwe Jumamosi."

"Ah, Zule. Ule mti uliotundikwa zawadi wataukata saa nane. Mwaka jana uliumwa tumbo, mwaka huu una hesabu. Nani atajua?"

Zulema aliangalia genge, kisha akaangalia lori. Vijana walikuwa wamepanda na ngoma, na mtu alikuwa ameshaanza kumwagia wenzake maji. Akajiambia atarudi mapema, atapanda jioni. Simba watakuwepo tu.

Alicheza siku nzima. Alimwagiwa maji, akamwagia watu maji, akazunguka mti wa zawadi mpaka ulipoanguka, akapata kitana chekundu na pakiti ya biskuti. Lori liliporudi Punta Ceniza jua lilikuwa linazama, na njia ya genge haipandwi gizani. Alipofika nyumbani alikuta ujumbe kwenye simu. "Vipi leo, Zule? Nasubiri."

Alikaa kitandani na daftari. Alitazama safu ya Jumamosi iliyopita: madume thelathini na moja, majike mia mbili na kumi na mawili, watoto mia na arobaini na wanane, waliokufa wawili. Halafu akaanza kuandika chini yake. Madume thelathini. Majike mia mbili na tisa. Watoto mia na arobaini na saba. Waliokufa wawili. Aliandika hata zile hesabu tatu za kila fungu, akazipishanisha kidogo kidogo ili zifanane na za mtu aliyechoka juani. Kazi hiyo ilimchukua muda, na aliifanya kwa uangalifu. Akapiga picha ukurasa, akatuma.

Jibu lilikuja haraka. "Safi sana. Umenipumzisha moyo. Ngoja niwaambie Punta Ceniza bado ni salama, waanze na vijiji vingine."

Zulema aliusoma ujumbe ule mara mbili. Kisha akauzima mwanga wa simu, akageukia ukutani.

Jumapili hakupanda. Briseida alikuja wakakaa kizingitini kumalizia biskuti, wakicheka habari za jana. Briseida akasimulia kwamba kaka yake mdogo, Tobías, alikuwa ameokota mtoto wa simba pwani asubuhi ile, anatetemeka, akambeba kama mdoli mpaka mama yao akawafukuza wote wawili. Zulema alicheka pia, kisha akabadilisha mazungumzo.

*

Jumatatu saa nne asubuhi alisikia kelele gatini.

Jike mmoja alikuwa amepanda kwenye ngazi ya kushushia mashua, akaanguka pale. Kichwa chake kilikuwa kimepinda nyuma, mapezi yakimtetemeka, povu likimtoka mdomoni. Mashua tatu zilikuwa zimezuiwa. Mama yake Zulema, Hilda, aliyekuwa akikaanga samaki pembeni, alikuwa ameacha karai motoni akaja kutazama.

"Profesa amefika," alisema Saturnino. "Njoo umwone mgonjwa wako."

"Mjomba, Daktari alisema tusiwaguse."

"Alisema tusiwaguse kama kuna maradhi. Yapo?" Saturnino alimkazia macho, na safari hii hapakuwa na mzaha usoni pake. "Wewe ndiye uliyepanda Jumamosi. Kule juu uliona wagonjwa?"

Watu kama sita walikuwa wanamtazama. Mmoja alishika kasia, mwingine kikapu. Mama yake alikuwa akijipangusa mikono kwenye aproni, uso wake una fahari kidogo, kwa sababu si kila mtoto anaulizwa jambo na wavuvi wazima.

"Hapana," Zulema alisema. "Walikuwa wazima. Waliokufa ni wawili tu, kama kawaida."

"Basi huyu amegongwa na rafadha ya mashua. Nipeni kamba."

Saturnino aliinama, akamkumbatia yule mnyama kifuani ili kumgeuza, mikono mitupu, fulana ya jana. Mnyama alikuwa bado na pumzi. Akapiga chafya moja nzito, na majimaji yakamrukia Saturnino usoni. Yeye akajifuta kwa kiwiko akacheka.

"Amenibusu huyu. Mbona mnanuna? Mnaona wivu?"

Watu wakacheka. Walimvuta jike hadi pembeni, na hapo akafa.

Zulema hakungoja. Alipanda genge mbiombio, bila darubini, bila daftari, na alipofika juu hakuhitaji darubini. Ufuo ulikuwa kimya. Mahali pa kelele palikuwa pamebaki sauti nyembamba za watoto. Mizoga ilitapakaa kuanzia mwamba mrefu hadi majini, mingine ikisukumwa na mawimbi huku na huku. Dume mmoja mkubwa alikuwa akijaribu kunyanyuka, anaanguka, anajaribu tena. Watoto walikuwa wamelala juu ya mama zao waliokufa, wananyonya.

Alijaribu kuhesabu. Alifika kumi na tisa, namba zikamchanganyikia. Akapiga simu.

"Wamekufa wengi, Daktari."

"Wangapi?"

"Sijui. Wengi. Ufuo mzima."

"Umewaona lini?"

"Leo. Sasa hivi."

"Na Jumamosi hawakuwepo?"

Zulema alifumba macho. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote ya kusema kweli, na alilijua hilo. "Hawakuwepo," akasema.

"Usishuke. Waambie watu gatini wasimguse mnyama yeyote. Nakuja."

*

Rosaura alifika Jumanne na wenzake wawili, wote wamevaa mavazi meupe yaliyowafunika mpaka kichwani, barakoa, miwani, glavu mbili mbili. Walishuka ufuoni wakakaa saa sita. Walipopanda, walivua kila kitu kwa utaratibu, wakajimwagia maji ya klorini. Rosaura alikaa juu ya jiwe, mbali na Zulema. Macho yake yalikuwa mekundu, na alama za miwani zilimkaa usoni kama makovu.

"Wakubwa waliokufa ni tisini na wanne," alisema. "Watoto sijamaliza. Wengine si wagonjwa, wana njaa tu. Siwezi kuwafanyia kitu."

Zulema alitazama ufuo.

"Kuna jambo halinikai, Zule. Chini ya mwamba mrefu kuna mizoga kumi na moja imefura, ngozi inachunika. Mnyama aliyekufa jana hawi vile. Wale wamekufa Ijumaa, au kabla."

"Labda sikuwaona."

"Chini ya mwamba mrefu? Pale panaonekana kuliko kote."

"Kulikuwa na ukungu."

Rosaura alifungua daftari lake mwenyewe, akaandika neno moja. "Basi naandika ukungu. Lazima niandike kitu. Kuna watu watatumia namba hizi kukisia ugonjwa unakwenda kasi kiasi gani, na wapi pa kuwahi."

Siku ya Alhamisi Saturnino hakuamka kwenda kazini. Alisema ni mafua ya kanivali. Jioni alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, macho mekundu kama ya mtu aliyepigwa. Ijumaa asubuhi alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kusimama kuvuta pumzi. Mtu ambaye aliweza kukaa chini ya maji akang'oa kome kwa saa nyingi, akivuta hewa ya mpira, sasa alikuwa anaihema hewa ya chumbani kama samaki aliyetupwa mchangani. Gari la wagonjwa lilimpeleka mjini, mwendo wa saa nne. Hilda hakuruhusiwa kupanda naye.

Muuguzi wa zahanati alikuja akiwa amejifunika uso, akasimama mlangoni na karatasi. Akasema watu wote wa nyumba ile wasitoke kwa siku kumi.

"Nani mwingine hapa kijijini amegusa mnyama tangu Jumatatu?" aliuliza.

Hilda alitaja majina matatu. Muuguzi akayaandika.

"Tangu Jumatatu," alirudia, akiangalia karatasi. "Kabla ya hapo hakukuwa na ugonjwa. Haya, wengine tutawaacha."

Akaenda. Zulema alibaki amesimama nyuma ya pazia. Maneno yale yalikuwa yake. Tangu Jumatatu: ni yeye aliyesema. Alimkumbuka Tobías, miaka saba, na mtoto wa simba mikononi, siku ya Jumapili. Hakuna aliyekuwa anakwenda kugonga mlango wa kina Tobías.

Mchana Rosaura alipita dirishani kuuliza kama wana maji na chakula. Alisimama hatua nne nyuma. Hilda alikuwa mezani, ameweka sahani ya wali na hakuna aliyekula.

"Daktari," Zulema alisema. "Jumamosi sikupanda."

Rosaura aligeuka kumtazama.

"Sikupanda. Nilikwenda kanivali na lori. Zile namba nilizitunga."

"Zote?"

"Zote. Na ukungu sijui kama ulikuwepo. Sikuwepo."

Kiti kililia nyuma yake. Hilda alikuwa amegeuka.

"Mjomba wako alikuuliza," alisema taratibu. "Alikuuliza mbele yangu, Zulema. Nilikuwa nimesimama pale."

"Ndiyo, Mama."

"Nikakuonea fahari."

Zulema aliona afadhali angepigwa. Lakini kulikuwa na neno bado, akalisukuma nje. "Tobías wa kina Briseida alimwokota mtoto wa simba Jumapili. Alimbeba. Muuguzi hajamwandika, kwa sababu anahesabu kuanzia Jumatatu."

Rosaura alikuwa ameshatoa simu. Aliondoka dirishani akizungumza, akitembea haraka, kisha akikimbia.

*

Tobías alikutwa kitandani na homa iliyokuwa imeanza usiku uliopita. Mama yake alikuwa akimpa chai ya tangawizi. Watu wa zahanati walimwanzishia dawa mchana uleule, kwa kuwa dawa ile husaidia zaidi ikiwahi. Wakagonga milango mingine, sasa wakiuliza kuanzia Alhamisi ya wiki iliyotangulia, na wakapata watu watano zaidi: wawili waliochuna ngozi ya mzoga, mwanamke aliyeokota ndege mwari akidhani atampikia mbwa, na watoto wawili waliocheza na mzoga mwingine. Mmoja tu kati yao aliugua, tena kidogo. Tobías alikaa siku nne na homa, kisha akaanza kudai chakula.

Kijiji kilijua, maana kijiji ni kidogo. Mtu mmoja aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yao: PROFESA. Hilda alilifuta neno hilo kwa maji na brashi siku ya kwanza waliyoruhusiwa kutoka. Briseida hakuja tena kwa muda mrefu.

Siku hiyohiyo ya kutoka, Rosaura alimwita Zulema chumbani kwake. Juu ya meza palikuwa na daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Chora mstari mmoja juu ya safu hiyo," alisema. "Kwa kalamu. Uwe mwembamba, namba zisomeke."

"Si nifute tu?"

"Hatufuti. Ukifuta, mtu wa kesho hatajua kwamba hapa palikuwa na kosa, wala la namna gani. Chora, kisha andika pembeni ukweli."

Zulema alichora. Akaandika: Sikuhesabu siku hii. Namba hizi nilizitunga. Akatia sahihi. Herufi zilitoka kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Ungeniachia nafasi tupu," Rosaura alisema, "ningejua la kufanya. Safu tupu ingenisumbua. Ningekupigia simu, ningemtuma mtu apande Jumapili asubuhi, angeikuta ile mizoga kumi na moja. Lakini uliniletea safu iliyojaa, nzuri, nikalala usingizi. Unaelewa tofauti yake? Asiyejua anaweza kutafuta. Aliyedanganywa hatafuti, anadhani ameshapata."

"Naelewa."

"Na mimi nina langu. Wakati wa hatari kama ule, hesabu haikuwa ya kumwachia mtoto peke yake. Nimeliandika hilo kwenye ripoti, na jina langu chini yake. Silisemi ili nikupunguzie. Kila mmoja abebe lake."

Zulema aliuliza swali alilokuwa nalo tangu Ijumaa. "Mjomba aliugua kwa sababu yangu?"

Rosaura alilifunga daftari. "Aliugua kwa sababu ya virusi. Angeweza kumshika yule jike hata kama ungemwambia ukweli, yeye ni mbishi. Lakini aliuliza, na mtu akiuliza maana yake anataka kujua ili achague. Wewe ulimnyima kuchagua. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo, kwa sababu zaidi ya hapo sijui."

Mwishoni mwa Machi walipanda genge pamoja. Kati ya majike mia mbili walibaki hamsini na tatu. Kati ya watoto mia na arobaini na wanane walibaki kumi na tisa, na wanne kati yao mbavu zilihesabika bila darubini. Rosaura alisema itachukua miaka kujua kama ufuo utajaa tena, na kwamba yeye atabaki kuhesabu. Hakumuuliza Zulema kama naye atabaki. Zulema alifika Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na kila safari Rosaura alihesabu naye, bega kwa bega, mafungu yote matano.

*

Saturnino alirudi baada ya siku thelathini na moja. Alishuka garini akiwa ameshikwa kwapa, na watu waliokuwa gatini waliacha kazi, kwa sababu yale mabega yalikuwa yameondoka. Madaktari walimwambia asizamie tena mwaka huu. Kuhusu mwaka ujao hawakusema.

Siku tatu Zulema hakuthubutu kuingia chumbani kwake. Siku ya nne Saturnino mwenyewe alitoka, akaja akakaa kwenye kreti lililopinduliwa mbele ya gati, mahali penye jua, akaagiza aitwe.

Zulema alisimama mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Nilikudanganya, Mjomba. Nisamehe."

"Mama yako ameniambia." Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, na kila maneno machache alisimama. "Kule hospitali, nilikukasirikia. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mipira puani, nasema moyoni, nikitoka hapa mtoto yule atanieleza. Kisha kitanda cha jirani kikawa wazi asubuhi moja. Nikaacha kukasirika. Sikuwa na hewa ya kutosha kwa kazi hiyo."

Zulema alikuwa akilia bila sauti.

"Futa uso, unisikilize, maana sitaweza kusema mara mbili. Mimi chini ya maji napumua kwa mpira. Juu kuna mtu anaiangalia mashine ya hewa. Simwoni, hanioni. Akisinzia, akienda kununua soda, sitajua mpaka nimeshakufa. Miaka kumi na minane nimezama, na kila siku niliweka roho yangu mikononi mwa mtu nisiyemwona. Wewe kule juu ya genge ulikuwa mtu huyo. Hukujua, lakini ndiye uliyekuwa. Sisi wote hapa chini tulikuwa tunavuta pumzi kwa ule mpira wako."

Akahema.

"Kwa hiyo sikwambii usikosee. Ungekuja ukasema, Mjomba, nilikwenda kanivali, sikupanda, ningekucheka, ningekutania mwezi mzima, na ningevaa glavu. Kosa la kucheza ni la mtoto. Lile la pili, la kuniangalia machoni ukaniambia walikuwa wazima, hilo ndilo lililokaribia kunizika. Mtu akikabidhiwa jambo ambalo wengine hawawezi kuliona kwa macho yao, basi kusema kweli si adabu tu. Ni uhai wa watu. Shika hilo. Na ulipomsema yule mtoto Tobías, ukijua aibu itakayokupata, ulilishika. Ulichelewa, lakini ulilishika. Kwa hilo nimekusamehe."

Akamnyooshea mkono, mwepesi ajabu, ngozi imelegea juu ya mifupa.

"Nisimamishe sasa. Nimechoka."

Zulema akamshika, akamwinua, akauweka mkono ule begani mwake. Kutoka gatini hadi nyumbani ni hatua mia moja hivi. Walikwenda polepole, wakisimama kila Saturnino alipohitaji kuvuta pumzi, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walisogeza kamba zao kuwapisha.